Gemu za kuruka na kupiga: shughulikia miguu kwanza

Mpe mtu pedi ya kuchezea kwa mara ya kwanza kwenye gemu ya aina hii, ile ya picha za pikseli, mhusika kibonge mwenye bunduki na majukwaa ya kurukia, kisha mtazame kidole gumba. Kimeng'ang'ania kitufe cha kupiga. Anapiga ukuta, anapiga hewa, anampiga adui aliyekwisha kufa, halafu anatumbukia shimoni. Ndiyo maana anayeniuliza aanzie wapi simwambii lolote kuhusu silaha.

Fanya hivi: ingia levo ya kwanza na usifyatue risasi hata moja. Pita tu, mpaka ufe. Utaona kwamba kugusa kitufe cha kuruka na kukishikilia huwa ni miruko miwili tofauti, na kwamba gemu nyingi zinakuruhusu kubadili uelekeo ukiwa hewani. Utaona pia kwamba adui mmoja mmoja ana mwendo wake asiouacha. Kwenye Mega Man ya 1987, na nyingi zilizofuata nyayo zake, adui akitoka nje ya skrini kwa sababu umerudi nyuma, ukisogea tena unamkuta yupo, mzima kabisa. Kukimbia ovyo ni kujizalishia kazi. Sogea hatua chache, simama, angalia kilichochungulia ukingoni mwa skrini, ndipo uamue.

Wengi hawauawi na risasi. Wanauawa na kule kurushwa nyuma unapoguswa. Uhai bado umejaa tele, ila umesimama kwenye ncha ya jukwaa, kidudu kimoja kinakugonga na kwaheri. Kabla ya kumlenga aliye mbele, jua kisigino chako kiko wapi. Na ukishagongwa, zile nukta mhusika anapomemeteka hadhuriki. Wengine huzitumia kuendelea kufyatua palepale. Mimi nazitumia kumpenya adui nitokee upande wenye nafasi.

Gemu iliyonielewesha haya vizuri ni Cave Story, ya Daisuke Amaya, Mjapani aliyeitengeneza peke yake kwa takriban miaka 5 na kuitoa bure mwaka 2004. Humo bunduki zina ngazi 3. Ukiua adui anaangusha vipembetatu vya njano, unaviokota, bunduki inapanda. Ukigongwa, inashuka. Kwa hiyo mchezaji mzembe wa miguu anafika kwa bosi, yule adui mkubwa wa kufungia levo, na bunduki ya ngazi ya kwanza, inayotema virisasi visivyofika mbali, kisha analalamika kwamba bosi ni mgumu. Bunduki ilishushwa njiani, na ni miguu iliyoishusha.

Downwell ya 2015 imekwenda mbali zaidi: bunduki iko kwenye viatu. Unashuka kisimani, ukipiga risasi chini unapunguza kasi ya kuanguka, na risasi zinajaa tena ukitua au ukimkanyaga adui. Mtu akicheza hiyo kwa wiki moja, kufyatua na kuruka haviwi tena vitu viwili tofauti kichwani mwake.

Cuphead ya 2017 ina sura ya katuni za miaka ya 1930, si pikseli, lakini damu ni ileile. Unaanza na uhai 3, na ukifa inakuchorea mstari kuonyesha ulikuwa umebakiza kiasi gani kummaliza bosi. Usome huo mstari! Ukiona unafia mahali palepale, tatizo ni shambulio moja tu, na hilo unaweza kulifanyia mazoezi kwa kulikwepa bila kupiga. Halafu kuna kitufe cha kukusimamisha ulenge pande zote bila kutembea. Wengi wanamaliza kisiwa cha kwanza hawajakigusa. Hali rahisi ipo, ila haikupi mikataba ya roho, ile unayowanyang'anya mabosi na unayoihitaji ili ufike mwisho. Sikupenda uamuzi huo wa watengenezaji, lakini ndivyo ilivyo.

Kuhusu vifaa sina mengi. Tumia vile vitufe vya msalaba badala ya kijiti, kwa sababu kijiti kikipinda kidogo tu unajikuta umechuchumaa wakati ulitaka kukimbia. Kama unacheza kwenye televisheni, washa hali ya gemu kwenye mipangilio yake. Picha ikichelewa, mruko unachelewa.

Ukianza na Cave Story, utafika Sand Zone, eneo la mchanga, upigane na msichana roboti aitwaye Curly Brace, kisha akuombe mbadilishane bunduki: Polar Star yako, ile ya mwanzo, kwa Machine Gun yake. Mashabiki watakuzuia, maana anayeitunza Polar Star anaweza kupata Spur baadaye, na Spur ni silaha kali kwelikweli. Mimi huibadilisha kila mara. Machine Gun ikifika ngazi ya 3, ukifyatua kuelekea chini inakuinua juu, na levo nyingi zilizobaki unazipita kwa njia ambazo wenzako wengi hawazifikii.