Barua kwa mwanangu: hofu tatu za Waingereza na bahasha ya Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku Mombasa hatujambo sote. Kaskazi bado inavuma na joto ni lile lile unalolijua. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema wenzako kwenye makao ya wazee hapo Leicester, kila wakikaa kunywa chai, hubishana ni nini kimeiharibu nchi yao. Mmoja anasema ni Brexit, yaani nchi yao kutoka Umoja wa Ulaya. Mwingine anasema ni Putin na vita vyake. Wa tatu anasema ni wageni, na akisema hivyo anatazama kikombe chake ili asikutazame wewe. Wa nne, mama mtu mzima, anasema serikali ilibana mkanda mpaka pumzi zikawakata wananchi. Umeniuliza nani mkweli, na wewe mwenye viza ya kazi ujipange vipi.

Mama huyo ndiye wa kumsikiliza kwanza. Brexit na vita vina sehemu yao, lakini wenzako wamevifunga pamoja na mambo mengine katika mzigo mmoja, na mtu akibeba mzigo uliofungwa hajui kinachomuumiza bega ni kipi. Tuufungue.

Mwaka 2008 benki ziliporomoka. Serikali iliziokoa, mapato ya kodi yakashuka, na kufikia mwaka wa fedha 2009/10 pengo kati ya mapato na matumizi lilikuwa kama asilimia 10 ya pato la taifa. Mei 2010 akaingia David Cameron, na waziri wake wa fedha, George Osborne, akaamua pengo lizibwe zaidi kwa kukata matumizi kuliko kwa kuongeza kodi. Kodi ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 17.5 hadi 20 Januari 2011, ila kisu chenyewe kiliingia kwingine. Bajeti za hospitali na shule ziliahidiwa kulindwa, kwa hiyo waliobaki mbele ya kisu ni mabaraza ya miji, polisi, mahakama na watu wanaoishi kwa posho.

Hapa tulia nami kidogo, maana hata wenyeji wengi hawajui baraza lao linavyoendeshwa. Baraza lina mifuko mitatu mikubwa: ruzuku ya serikali kuu, kodi ya majengo ya biashara, na kodi ya baraza inayolipwa na kila nyumba. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilipiga hesabu mwaka 2018 ikaona kwamba fedha za serikali kuu kwa mabaraza ya Uingereza, ukishaondoa mfumuko wa bei, zilipungua kwa asilimia 49.1 kati ya 2010/11 na 2017/18. Karibu nusu. Sheria hairuhusu baraza kukopa ili kulipa mishahara na huduma za kila siku. Sheria hiyo hiyo inalilazimisha kuwatunza wazee na walemavu wasiojiweza, kuwalinda watoto walio hatarini, na kuwahudumia wasio na makazi. Wazee wanaongezeka kila mwaka. Sasa fedha zikipungua na kazi za lazima zikiongezeka, kinachokatwa ni kile ambacho sheria haikishikilii kwa nguvu: vituo vya vijana, ruzuku ya mabasi, saa za maktaba, matunzo ya bustani. Kwa hiyo mtu wa huko akikuambia nchi imeharibika, hasomi takwimu. Anaona kufuli kwenye maktaba aliyojifunzia kusoma, na anakumbuka basi la jioni lililofutwa.

Baraza likishindwa kabisa kulinganisha vitabu vyake, afisa wake mkuu wa fedha hutoa ilani chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya mwaka 1988, na matumizi yote mapya yasiyo ya lazima husimama. Northamptonshire, jirani zako, walifika hapo Februari 2018. Birmingham walifika Septemba 2023, ingawa wao walikuwa pia na deni kubwa la wafanyakazi wanawake waliolipwa pungufu kwa miaka. Aprili iliyofuata wakazi wa Birmingham walipandishiwa kodi kwa karibu asilimia 10.

Kisha kuna posho. Kuanzia 2016 hadi 2020 posho nyingi ziligandishwa, bei zikipanda zenyewe. Na Universal Credit, posho mpya iliyounganisha zile sita za zamani, ina kasoro iliyo ndani ya muundo wake: anayeomba husubiri wiki 5, mwezi mmoja wa kupimwa kipato na siku 7 za kulipa. Mtu asiye na akiba hawezi kukaa wiki 5. Hupewa malipo ya awali, lakini hilo ni deni, hukatwa kwenye malipo yajayo, kwa hiyo njaa inaahirishwa tu. Ndipo watu wakakimbilia benki za chakula, vituo vinavyogawa chakula bure. Shirika la Trussell lilihudumia watu wapatao 61,000 mwaka 2010/11. Mwaka 2023/24 liligawa vifurushi zaidi ya milioni 3. Kifurushi kimoja ni chakula cha siku 3: nafaka za asubuhi, tambi au mchele, maharagwe na nyanya za kopo, supu, samaki au nyama ya kopo, maziwa yasiyohitaji friji, majani ya chai, biskuti. Fikiria mtu aliyefanya kazi viwandani miaka 30 amesimama kwenye foleni ya kanisa na karatasi ya rufaa mkononi. Aibu ile haisahauliki, na hutafuta wa kulaumiwa.

Mwaka 2016 ilimpata wa kulaumiwa: Umoja wa Ulaya. Mtafiti Thiemo Fetzer wa Chuo Kikuu cha Warwick alifuatilia wilaya moja moja, akakuta kwamba palipokatwa posho zaidi ndipo kura za kutaka kutoka Umoja wa Ulaya ziliongezeka zaidi, kiasi kwamba bila makato yale huenda upande wa kubaki ungeshinda. Matokeo ya kura ya maoni ya Juni 23 yalikuwa asilimia 51.9 kwa 48.1, tofauti ndogo. Na kumbuka ahadi ile ya ubavuni mwa basi jekundu la kampeni ya kutoka, kwamba pauni milioni 350 zinazopelekwa Ulaya kila wiki ziende hospitali. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo iliikosoa hesabu hiyo, kwa kuwa haikutoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa. Lakini kwa mtu aliyekaa miezi akisubiri daktari, ahadi ile ilikuwa maji mbele ya mwenye kiu.

Brexit yenyewe ilikamilika kwa hatua mbili: kutoka uanachama Januari 31, 2020, na kutoka kwenye soko na forodha za Ulaya Desemba 31 mwaka huo. Madhara yake ni kama mtungi wenye ufa: haupasuki, unavuja. Bidhaa nyingi hazitozwi ushuru kama zimetengenezwa huko huko, lakini karatasi ni nyingi. Lori la nyama au jibini kutoka Ufaransa siku hizi lahitaji tamko la forodha, cheti cha afya kilichotiwa sahihi na daktari wa mifugo, na taarifa ya mapema kabla ya kufika, na tangu Aprili 2024 linaweza kufunguliwa na kukaguliwa. Namba moja ikikosewa, lori linasimama na jibini linazeeka. Kampuni kubwa ina idara ya kushughulikia hayo. Duka la watu wawili huacha biashara. Ofisi ya serikali inayokagua makadirio ya bajeti husema tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 kwa muda mrefu kuliko ambavyo ingekuwa. Hata sisi ilitugusa: Kenya ilibidi itie sahihi mkataba wake na Uingereza Desemba 2020, la sivyo waridi zetu zingeanza kutozwa ushuru Januari. Tanzania na Uganda hazikuwa na haraka hiyo, kwa kuwa zinaingiza bila ushuru kama nchi maskini zaidi.

Sasa yule wa tatu, wa wageni. Raia wa Ulaya walipopoteza haki ya kuja kufanya kazi bila viza, makao ya wazee yalibaki bila mikono, na waajiri wakatafuta kwetu, Nigeria, India na Zimbabwe. Wageni walioingia, ukitoa waliotoka, walivuka 900,000 kwa mwaka mmoja ulioishia 2023, na waliopiga kura ili wapungue wakaona wamehadaiwa. Ndipo milango ikafungwa kwa haraka: tangu Machi 11, 2024 mhudumu mpya wa wazee hawezi kuleta mke, mume au watoto, tangu Julai 22, 2025 waajiri hawawezi kabisa kuajiri wahudumu kutoka nje. Mwenzako anadhani unakula posho yake. Viza yako inakukataza Universal Credit na nyumba ya baraza, na kodi unalipa sawasawa na yeye. Huhitaji kubishana naye. Lakini ujue uvumi unavyokwenda: Julai 2024, watoto watatu wa kike walipouawa Southport, ulienezwa uongo kwamba muuaji ni mkimbizi aliyekuja kwa mashua. Alikuwa amezaliwa Cardiff. Kwa siku kadhaa misikiti na hoteli za wakimbizi zilishambuliwa. Mambo yakichafuka tena, usipite mjini kwenda kuangalia. Hatari piga 999, na ukitukanwa au kutishwa kwa rangi yako andika saa na mahali kisha uripoti polisi kwa 101.

Putin naye hakusingiziwa. Machi 2018 sumu ya neva ilipakwa kwenye mlango wa nyumba ya jasusi wa zamani wa Urusi huko Salisbury, na miezi minne baadaye akafa mwanamke asiyehusika kabisa. Ila vita vya Ukraine viliwafikia Waingereza hasa kwa njia ya bomba la gesi. Uingereza ilinunua gesi kidogo tu kwa Warusi, lakini bei ya gesi Ulaya ni soko moja, nyumba nyingi hupashwa moto kwa gesi, na mara nyingi mtambo wa gesi ndio unaopanga bei ya umeme pia. Kikomo cha bei ya gesi na umeme kilichokuwa pauni 1,277 kwa mwaka kilifika 1,971 Aprili 2022, na Oktoba serikali ikalazimika kukishikilia 2,500. Wengi hukosea hapa: kikomo ni cha bei ya kila uniti, na jumla hiyo ni ya nyumba ya matumizi ya kawaida. Ukitumia zaidi utalipa zaidi. Hubadilika kila Januari, Aprili, Julai na Oktoba, kwa hiyo siku ya mwisho kabla ya mabadiliko soma mita, ipige picha na utume, wasije wakakukisia uniti kwa bei mpya.

Kuhusu kujiandaa, usikusanye vyakula kwa hofu. Serikali yenyewe inashauri vitu vichache: tochi na betri, redio ya betri, chaja ya akiba, vyakula vya kopo na kifungulio chake, dawa, na maji ya kunywa lita 2.5 hadi 3 kwa mtu kwa siku. Umeme ukikatika piga 105.

La viza ndilo linaloninyima usingizi zaidi. Mwajiri wako akinyang'anywa leseni ya udhamini, Wizara ya Mambo ya Ndani hukuandikia na kwa kawaida hukupa siku 60 kupata mdhamini mwingine na kutuma ombi jipya. Barua hiyo siku hizi huja kwa barua pepe na akaunti yako ya viza, kwa hiyo hakikisha anwani na namba ya simu humo ni za sasa; wengi wamepoteza wiki kwa sababu barua ilienda kwenye anwani ya kazini waliyoiacha. Hifadhi kila hati ya mshahara na ile P60, karatasi ya mwajiri ya kila mwaka inayoonyesha jumla ya mshahara na kodi uliyolipa. Andika tarehe za kila safari: kwa kanuni za ukaazi wa kudumu, usizidishe siku 180 nje katika miezi 12 yoyote. Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kungoja ukaazi kutoka miaka 5 hadi 10, kwa hiyo kumbukumbu hizo zitakufaa muda mrefu. Ushauri wa viza uchukue kwa wakili au mshauri aliyesajiliwa tu. Na mtu akikupigia akisema ni wa wizara na anataka pesa, kata simu.

Mwisho, kodi ya baraza. Kwanza tazama mkataba wako: ukikodi chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji mbalimbali, kwa kawaida mwenye nyumba ndiye mlipaji. Ukiwa na nyumba nzima, bahasha huja Machi. Juu utaona daraja, A hadi H, kwa thamani ya nyumba ya Aprili 1991. A hulipa sehemu 6 kwa 9 za daraja D. Chini kuna mistari: baraza la jiji, polisi, zimamoto, na mstari wa huduma kwa watu wazima, ambao kwa kweli ndio unaochangia kazi yako. Ukiishi peke yako omba punguzo la asilimia 25. Hilo haliharibu viza. Msaada wa kodi kwa wenye kipato kidogo, ule usiuombe, unahesabika kuwa fedha za umma, ambazo viza yako inakukataza. Benki ya chakula haihesabiki, ukibanwa nenda bila woga.

Hulipwa kwa mafungu 10, Aprili hadi Januari, nawe waweza kuomba yawe 12. Ukikosa fungu moja unapewa siku 7. Zikipita na nyingine 7, haki ya mafungu inaondoka na mwaka mzima unadaiwa kwa pamoja. Kisha hati ya kuitwa mahakamani pamoja na gharama zake, kisha madalali mlangoni. Ukiona mwezi utakuwa mgumu, wapigie simu kabla ya tarehe, si baada.

Bahasha ikifika ipige picha pande zote mbili unitumie, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Na mpe salamu zangu yule mama mtu mzima.

Mama yako