Kabla ya Rangi, Gonga Chesisi: Majibu kwa Wenye Land Rover za Zamani

Barua za safari hii zimejaa aibu. Watu wanaona haya kwa magari yanayowaka kila asubuhi, kwa sababu tu kuna mtu kwenye maonyesho aliyeyatazama akaguna. Nimechagua chache.

Nina pikapu ya Land Rover 109 (ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) ya mwaka 1972. Rangi imepauka na madigadi la kushoto limebonyea. Kwenye maonyesho bwana mmoja aliniambia mbele ya wanangu kwamba nimeleta mkweche. Nipige rangi kwanza ndipo nirudi mwakani? (Kigamboni)

Rudi nayo hivyo hivyo, na wanao waje tena. Ulimuuliza huyo bwana gari lake lilifikaje uwanjani? Wakosoaji wengi ninaowafahamu huleta magari yao juu ya lori, yamefunikwa turubai, na jioni huyapandisha tena bila kuonja vumbi. Land Rover ilitoka mwaka 1948 ikiwa gari la mkulima. Pikapu kama yako iliundwa kubeba magunia na madumu ya maziwa. Kubonyea kwa madigadi ni alama ya kazi iliyofanyika, wala hakupunguzi hata kidogo uwezo wa gari.

Sasa nikwambie kinachonikera mimi. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua 109 ya kijani, inang'aa mpaka unajiona usoni. Mwenyewe alikuwa ameinunua karibuni na bei aliyolipa ilikuwa ya rangi. Nikalala chini na nyundo ndogo, nikaanza kugonga chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, kutoka mbele. Chuma kizima kinalia ngaa, kama kengele ya shule. Kilichooza kinaitika puu. Nilipofika nyuma, karibu na pale springi zinaposhikwa, nyundo ilizama. Nilipoivuta ikatoka na vipande vyembamba vya chuma, tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, na juu yake puti na rangi ambayo bado ilikuwa inanukia. Yule mnunuzi alikaa kwenye tofali akanyamaza. Aliyemuuzia alijua anafanya nini.

Kwa hiyo pesa uliyotenga kwa rangi ipeleke chini ya gari: chesisi, breki, tairi. Ikibaki, itie mafuta uende nayo Bagamoyo.

Inakula mafuta kiasi gani? (Wengi, na wengi tena)

Ya petroli, kilomita tano hadi sita kwa lita ikiwa kabureta iko sawa. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno na silijibu tena.

Bodi inatoa unga mweupe kwenye maungio. Wenzangu wanasema ni kutu na nibadilishe mabati yote. Fundi ameniahidi mabati mapya ya chuma. (Tanga)

Mzuie fundi leo hii. Baada ya vita vikuu vya pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, ndiyo maana bodi ya Land Rover ikatengenezwa kwa aluminiamu, na chesisi ikabaki ya chuma. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu. Inaliwa pale inapogusana na chuma, na hewa ya chumvi kama ya kwenu huharakisha mambo. Fungua boliti za maungio, sugua unga utoke, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha pakauke kabisa, halafu weka rangi ya kuzuia kutu na kipande cha mpira katikati ya vyuma hivyo viwili. Hayo mabati mapya ya chuma yataoza mbele ya macho yako, na utakuwa umetupa bodi iliyokwisha kuvumilia miaka hamsini ya bahari.

Gari langu ni la mwaka gani? (Hakutaja mahali, hakuleta picha wala namba ya chesisi)

Tazama mita. Zikiwa mbele ya dereva ni Series III, toleo la tatu lililoanza 1971. Zikiwa katikati ya dashibodi ni ya kabla ya hapo. Zaidi ya hayo nahitaji namba ya chesisi.

Breki zangu hushika nikikanyaga mara ya pili au ya tatu. Nimezoea, na mjomba anasema magari ya zamani ndivyo yalivyo. (Mbeya)

Mjomba wako nampa heshima zake, lakini hapa amekosea, na kosa hili linaua. Nawatetea wenye magari yaliyokwaruzika kila siku. Mwenye breki mbovu simtetei, hata gari lake liwe zuri namna gani.

Kwanza kaza viatu vya breki. Drum zina pa kurekebishia na watu husahau kabisa kwamba ni kazi ya kila baada ya muda. Halafu toa upepo kwenye mfumo. Pedali ikiendelea kuzama, master silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki, imekwisha. Usisahau mipira ya breki karibu na magurudumu: ikunje kwa mkono, ikionyesha nyufa itupe. Nyingi kati ya Land Rover hizi zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Mpira mmoja ukipasuka kwenye mteremko wa Kitonga, hutabaki na kitu. Gari lisitoke nje ya geti mpaka hayo yaishe.

Yangu imefungwa injini ya dizeli ya Isuzu. Kwenye maonyesho nimeambiwa niiegeshe nyuma, siyo halisi. (Karatu)

Iegeshe utakapo. Spea za injini ya petroli zilipokuwa hazipatikani, mafundi wa hapa kwetu waliyaokoa magari haya kwa injini walizozipata, na bila wao mengi yangekuwa vyuma chakavu. Historia ya gari lako imo humo pia. Tahadhari moja: dizeli hiyo ina nguvu kuliko giaboksi na shafti za nyuma zilivyokusudiwa. Achia klachi taratibu, hasa ukiwa na mzigo.

Gia ya pili inalia nikishusha. Imekufa? (Iringa)

Kama ni Series IIA, toleo lililotangulia Series III, gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia zinapoingiana. Kanyaga klachi mara mbili, katikati gusa mafuta kidogo.

Marehemu baba aliniachia pikapu aliyobebea kahawa, sasa imesimama miaka mitatu. Mlangoni bado lipo jina lake, aliliandika mwenyewe kwa brashi. Kaka zangu wanataka ikwanguliwe yote, ipakwe rangi, iuzwe kwa dalali. Mimi nataka kwendea nayo sokoni. (Kibosho, Moshi)

Dada yangu, pole kwa msiba. Usimruhusu mtu yeyote apitishe msasa kwenye mlango ule. Rangi hupatikana duka lolote la Moshi mjini. Mwandiko wa baba haupatikani tena. Kaka zako waambie mimi ndiye niliyesema, na kama wanataka kutumia pesa, wanunue tairi nne na mipira mipya ya breki.

Umesema imesimama miaka mitatu. Usiiwashe bado. Mwaga petroli ya zamani, badilisha oili, toa plagi na udondoshe oili kidogo kwenye kila silinda, kisha izungushe injini kwa mkono kabla ya kufunga betri. Siku ya kwanza ya soko usiijaze. Mikungu michache inatosha.