Re: Wakisikia lafudhi ya Kigogo kwenye simu, chumba "kimeshachukuliwa"

Mbukwenyi (salamu yetu Wagogo). Dada wa Kongwa, unasema kila ukipiga simu kuulizia chumba Dodoma mjini, ukifungua mdomo tu unaambiwa kimepata mtu. Kwanza hakikisha ni lafudhi: rafiki mwenye lafudhi nyingine apige namba ileile muda mfupi baada yako, aseme maneno yaleyale. Mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake walipima karibu hivyo Montreal, Kanada, wakachapisha 1960: msomaji yuleyule, kwa Kiingereza kisha Kifaransa, wasikilizaji wakamhukumu kama watu wawili tofauti.

Mimi niliachana na simu. Nilikwenda Nkuhungu, hapohapo Dodoma mjini, mwenyewe, kodi mfukoni. Mwenye nyumba aliyenikatalia kwenye simu akanionyesha chumba, tukapatana bei mlangoni. Tafadhali usiigize sauti. Ukishahamia, utaigiza mpaka lini?