Aleji ya pua na moyo kwenda mbio

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, huu ni mwaka wa sita nasumbuliwa na aleji ya pua. Nikikung'uta shuka au kufagia, napiga chafya mfululizo, pua inaziba, usiku nalala mdomo wazi. Siku hizi kifua kinanibana alfajiri, na nikimeza vidonge vya mafua moyo unadunda kama nimetoka kukimbia. Je, aleji imeshuka hadi kwenye moyo?

JIBU: Marahaba. Nianze na kifua, maana hapo ndipo pananitia wasiwasi zaidi. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa, na kinachochokoza utando wa puani huweza kuchokoza mirija ya mapafu pia. Isitoshe, kazi ya pua ni kuchuja vumbi na kuipa hewa joto na unyevu. Ukihemea mdomo, hewa inaingia kavu pamoja na vumbi lake. Wagonjwa wengi wa pumu wana aleji ya pua, na usiku kuelekea alfajiri ndio wakati pumu hupenda kubana. Usikisie. Nenda hospitali ukapimwe mapafu kwa kile kifaa cha kupuliza pumzi (spirometa).

Kwenye moyo, la, haijashuka. Ninachokishuku ni hicho kidonge. Mpelekee mfamasia pakiti yake akuangalizie kama kina sudoefedrini. Dawa hiyo huzibua pua kwa kubana mishipa ya damu, ila haichagui mishipa ya puani peke yake: presha inapanda, moyo unakwenda mbio. Mwenye presha asiiguse bila kumwuliza daktari.

Badala yake, loratadini au setirizini zinatosha kwa chafya (Piritoni nayo husaidia, lakini utasinzia kazini). Kwa pua iliyoziba, bora dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kila siku kwa wiki kadhaa, si siku ya chafya tu. Inamisha kichwa kidogo, shika chupa kwa mkono wa kulia upulize tundu la kushoto, kisha ubadilishe mkono. Hivyo dawa haipigi ukuta wa katikati ukatoka damu.

Muulize pia unayelala naye kama unakoroma halafu pumzi inakata. Hilo, likiachwa miaka, ndilo hupandisha presha na kuuchosha moyo.

Ukibanwa kifua ukipanda ngazi, ukizimia, au maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, usisubiri miadi. Nenda hospitali saa hiyohiyo.