Jinsi ya kupima seva za soko la kripto kabla hujaweka hela

Mkuu, umeuliza utajuaje soko la kripto lenye seva za kuaminika, maana kila moja linajitangazia kuwa hewani asilimia 99.9. Anza na hesabu. Asilimia 99.9 inaruhusu kuzimika karibu saa 8 na dakika 45 kwa mwaka, 99.99 inaruhusu dakika 52 hivi. Cha kuogopa ni saa hizo zinaangukia lini. Seva hulemewa bei inapoporomoka na kila mtu kukimbilia kufunga oda zake (maagizo ya kununua au kuuza) kabla akaunti haijaungua, yaani hasara haijameza hela yote. Tarehe 19 Mei 2021, Bitcoin ilipoanguka, masoko ya Coinbase na Binance yote yalisumbua siku hiyohiyo. Kwa hiyo fungua ukurasa wa hali ya huduma, rudi nyuma kwenye kumbukumbu zake, linganisha na chati ya bei. Ukikuta kijani tupu, alama ya kwamba kila kitu ni sawa, hata siku ambazo watumiaji walilia mtandao mzima, usiuamini tena.

Ukurasa wa mbele kufunguka haraka hakukuambii lolote, kwa sababu hutolewa na seva za kusambaza nakala zilizo karibu nawe. Injini inayooanisha oda iko kwingine. Ipime hivi: weka oda ndogo ya kununua, mbali chini ya bei ya soko, kisha ifute na uhesabu muda hadi uthibitisho urudi. Fanya hivyo soko likiwa limetulia, halafu rudia pale takwimu za mfumuko wa bei za Marekani zinapotoka, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za New York. Kufuta kulikochukua nusu sekunde kukifika sekunde kumi, au ukipata kosa 502, 503 au 504, wamelemewa. Kosa 429 ni lako: umetuma maombi mengi kupita kiwango. Kama unatumia API (njia ya programu yako kuzungumza na soko moja kwa moja), angalia pia namba za mfuatano kwenye mkondo wa daftari la oda, yaani orodha ya oda za kununua na kuuza inayotumwa papo hapo. Namba ikiruka, kuna ujumbe umepotea na bei unazoziona huenda si za kweli, ingawa skrini inacheza kama kawaida.

Waulize huduma kwa wateja wamekodi seva wapi na kituo kimoja kikizimika oda zinahamia wapi. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu ya DNS (mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za seva) katika vituo vya AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha seva, vya Virginia iliiangusha Coinbase pamoja na huduma nyingine nyingi. Nakala ya data pekee haitoshi. Lazima kuwe na seva za akiba zilizokwisha kujaribiwa.

Mwisho, toa kiasi kidogo kutoka sokoni kwenda pochi yako. Muda wa kuanzia ombi hadi upate hashi ya muamala (namba yake ya utambulisho kwenye blokucheni, daftari la pamoja la miamala) ni wa soko. Kuanzia hashi hadi kuthibitishwa ni wa blokucheni. Ombi likibaki “linashughulikiwa” kwa saa kadhaa bila hashi, usikubali kuambiwa mtandao una foleni. Na usiongeze hela humo hadi ulichotoa kifike kwenye pochi yako.