Ushuru wa korosho na mamlaka ya Bunge

SWALI: Mhariri, mwaka 2018 wabunge wetu wa Mtwara na Lindi walipinga bungeni asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje kuondolewa kwenye maendeleo ya zao na kupelekwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Kwa nini walishindwa? – Mkulima, Newala

JIBU: Ndugu mkulima, idadi ya kura ni sehemu ndogo tu ya jibu, kwani Katiba ya 1977 imeipa Serikali nguvu kubwa katika bajeti. Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza kodi au matumizi ya Mfuko Mkuu lisilotoka kwa Rais kupitia Waziri, na Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti, hivyo mbunge anayeikataa anahatarisha pia kiti chake. Ni kweli kwamba Ibara ya 138 inataka kila kodi iidhinishwe kwa sheria. Hata hivyo, fedha zikishaingia Mfuko Mkuu, salfa ya mikorosho yako (dawa ya kuzuia ukungu) hushindania fungu moja na barabara na mishahara ya nchi nzima, jambo ambalo kwa maoni yangu liliwaumiza wakulima isivyo haki.