Usinunue tairi kabla hujapiga jeki

Hizo pesa ziache hapo hapo zilipo. Umesema lori lako la Isuzu FRR linakula tairi ya mbele kushoto upande wa ndani, alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) umeshafanya, na kesho unaenda Industrial Area, Nairobi, kununua tairi mbili na kurudia alaimenti. Unauliza pia ujaze upepo kiasi gani na kama ya kushoto inaweza kuhamia kulia. Hayo yasubiri. Mimi nilifika alaimenti ya tatu, ndugu yangu. Ya tatu! Jamaa wa mashine alikuwa ananiagizia chai nikiingia tu, nami nikadhani ananiheshimu.

Kila nikirudi: "Boss, tairi zenyewe ndizo mbovu." Nikanunua mbili, zaidi ya Sh 50,000, na baada ya miezi miwili upande wa ndani ulikuwa laini kama kipara changu. Hakuna siku aliyoinua lile gurudumu akalitikisa. Alisoma vipimo, akazungusha tairodi (vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu), akapokea pesa. Sasa gurudumu linalochezacheza unalipimaje? Ukilisukuma linasoma hivi, ukiliachia linasoma vile. Na likibebeshwa mzigo linalala, juu kunaingia ndani, ukingo wa ndani ndio unasaga lami. Hapo alaimenti ni maombi tu.

Kumbe ugonjwa ulikuwa beringi, zile rola zinazolizungushia gurudumu kwenye ekseli. Ilijitangaza tukishuka Mai Mahiu na simiti ya kupeleka Narok. Utingo akasema ananusa kitu kinaungua. Nikamwambia ni breki za lori la mbele (mimi na ujuaji wangu). Tulipofika karibu na kale kakanisa kalikojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, habu (kitovu cha gurudumu) ilikuwa inatoa moshi. Beringi ya ndani ilikuwa imesagika na kushikana na ekseli. Tulilala pale siku mbili, mimi Msabato nikakaribia kusali rozari. Habu mpya, ekseli ya upande ule, gari la kuvuta, na mwenye simiti akanikata nauli. Ukijumlisha na zile alaimenti, ningelipa karo ya mtoto mwaka mzima.

Kwa hivyo jeki kwanza. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua ekseli ya mbele, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika tairi mkono mmoja juu, mwingine chini, usukume na kuvuta. Ikicheza, mwambie utingo akanyage breki na aishikilie, kisha tikisa tena. Kucheza kukipotea, ni beringi. Kukibaki, ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia. Nilionyeshwa hili bure na mzee mmoja wa jua kali kule Mai Mahiu, sekunde thelathini, nikataka kulia. Kisha shika kushoto na kulia: hapo unazisikiliza tairodi. Halafu zungusha gurudumu huku mkono mwingine umegusa springi. Beringi iliyochoka utaisikia ikikwaruza kwenye vidole.

Ukikuta ni beringi, pale Kirinyaga Road, Nairobi, kuna watakaotaka kukuuzia koni (sehemu ya ndani yenye rola) peke yake, eti kikombe (pete ya nje) cha zamani bado kizuri. Kataa. Nunua seti, koni na kikombe chake, pamoja na sili mpya ya kuzuia grisi isitoke. Fundi akifunga asikaze nati kama anafunga pingu: anakaza huku gurudumu likizunguka ili beringi zikae, analegeza, anarudisha kidogo hadi libaki na nafasi ndogo sana, ndipo anatia pini. Ikikazwa mno inaungua, na moshi wake nishakusimulia.

Alaimenti ije baada ya hapo, mara moja, na kwa mtu mwingine.

Inua leo jioni kabla ya kwenda dukani, urudi utuambie utingo alipokanyaga breki kucheza kulipotea au kulibaki.